Flashi ya Shemeji

Mwalimu alikuwa amechoka tangu Jumatatu, na hii ilikuwa Jumatano. Kutwa nzima alisimama mbele ya watoto viziwi kumi na tisa akiongea kwa mikono, na anayedhani mikono haichoki kuongea na ajaribu siku moja tu. Saa kumi jioni alivua viatu mlangoni, akamkuta shemeji yake ameketi kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, anamsubiri.

Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, watu walimwita Injinia. Kazi yake ilikuwa kuuza mapazia. Uinjinia aliupata siku alipofufua redio ya nyumbani kwa kuizaba kofi, na tangu hapo hakuna kifaa cha umeme katika ukoo kilichosalimika.

"Pole na kazi, shemeji. Nataka kuprinti karatasi mbili tu," alisema, flashi mkononi.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Binti wa kaka yake, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za ofisi, alimfundisha kwamba flashi ya mtu haifunguliwi kabla ya kukaguliwa na programu ya kuzuia virusi, awe nani. Virusi si mdudu wala pepo, alisema yule binti. Ni programu kama nyingine, ila imeandikwa na mtu mwenye nia mbaya, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayeifungulia mlango.

"Ngoja niikague kwanza, shemeji."

Injinia akaurudisha mkono. "Unanikagua mimi? Kwani mimi mwizi?"

Mume alikuwa pale pale sebuleni na gazeti lake. Mwalimu alisubiri aseme neno, mume akafunua ukurasa mwingine, na miguu ya Mwalimu ilikuwa inawaka moto. "Haya, weka," alisema. Onyo lilipojitokeza kwenye kioo, Injinia akalizima pamoja na ulinzi wenyewe. Akasema makelele hayo yanachelewesha mashine bure. Karatasi mbili zikatoka, akashukuru, akaenda zake.

Alhamisi alasiri Mwalimu aliwasha kompyuta apange picha zake za mwisho. Mafolda yalikuwepo, majina yale yale, ila kila moja lilikuwa na kijishale kidogo pembeni ambacho hakuwahi kukiona. Alibofya la kwanza. Dirisha jeusi likatokea na kupotea. Alibofya la pili, ikawa vile vile. Hakuna picha hata moja.

Zilikuwa picha elfu moja na mia mbili, kazi ya miaka kumi na moja. Watoto wakionyesha alama za mikono, picha moja kwa kila neno, kwa ajili ya kitabu cha kwanza cha darasa lao. Alama nyingine watoto walizibuni wenyewe, kama ile ya mvua inayonyesha huku jua linawaka, na waliozibuni walishamaliza shule, wakatawanyika, na yeye hakujua pa kuwatafuta. Mpiga chapa, aliyemzungusha miaka minne mizima, alizitaka Jumatatu.

Mume alipomwona ameinamia meza vile, akafanya alilolijua: akamwita mdogo wake. Injinia alikuja mbio, na tusimwonee, alikuja kwa moyo mweupe. Akaketi, akabofya vijishale vyote, kimoja kimoja, akatikisa kichwa kama daktari.

"Virusi hivi. Vimekula kila kitu. Dawa ni moja tu, tunafuta diski yote tunaanza upya. Nusu saa, mashine mpya."

"Na picha?"

"Si una nakala? Ile diski ya nje aliyokupa mpwa wako."

"Unayo wewe, shemeji. Uliiazima mwezi wa tatu."

Injinia akajikuna shingo. "Ile niliisafisha," alisema. "Filamu zangu hazikuenea."

Hasira ilimjia Mwalimu polepole, maana hata hasira inataka nguvu. Tena nusu yake ilimrudia mwenyewe. Diski aliiazimisha yeye. Kiti alikiacha yeye. "Haya, weka" alilisema yeye, kwa sababu kukataa kulionekana kutamchosha zaidi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji," alisema Injinia, mkono tayari kwenye kipanya. "Hapa nabofya tu, tunafuta."

"Toa mkono."

"Eti?"

"Toa mkono kwenye kompyuta yangu. Na uinuke kwenye kiti changu."

"Mke wangu, huyu anatusaidia," alisema mume.

"Asitusaidie."

Mwalimu akachomoa waya ukutani, akasimama nao mkononi mpaka kiti kikawa wazi. Injinia aliondoka bila kuaga.

Mwalimu alimpigia mpwa wake simu, na Jumamosi asubuhi binti akaja. Hakugusa kijishale hata kimoja. Aliingia kwenye mipangilio, akaweka alama mahali pamoja, na mafolda ya kweli yakajitokeza, yamefifia kidogo lakini yamejaa.

"Hayakuliwa, shangazi. Yalifichwa. Hivi vijishale ndivyo mtego, kila mlipobofya mlikuwa mnakiamsha kirusi upya."

"Na tungefuta diski?"

"Hapo picha zingepotea kweli."

Mwalimu akaenda jikoni, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi. Binti alisafisha mashine, akasasisha mfumo wote, akatenga akaunti ya wageni isiyofika kwenye picha wala kuruhusu kuzima ulinzi. Kisha akanakili kila kitu kwenye diski nyingine ya nje, akaichomoa. "Hii ikae kabatini. Ichomekwe siku ya kunakili tu. Na haiazimwi." Wakahesabu picha pamoja. Zilitimia.

Jumapili mchana Injinia hakuja kula kama alivyozoea, na hakupiga simu kusema kwa nini. Mume alikula, akasogeza sahani.

"Umemwaibisha mdogo wangu."

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Mume akangoja, maana kila mara baada ya jambo kama hilo mkewe huongeza samahani. Mwalimu akaondoa vyombo mezani, akaketi kwenye kiti chake, akaendelea kupanga picha.