Muzuri, Ila

Kwetu, muntu hajibu salamu vibaya. Hiyo njo adabu ya kwanza mama yangu aliyonifundisha, mbele hata ya kunawa mikono. Wakikuuliza "Habari?", unajibu "Muzuri." Hata kama nyumba yako imeungua, unajibu muzuri, unamupa mugeni kiti, unamuuliza watoto wake, mbuzi wake, matope ya njia aliyopitia, kisha unakohoa kidogo na unasema: "Ila nyumba njo imeungua." Siku baba mukwe wangu alipofariki, mujumbe alitukuta tunachambua maharagi. Tukamusalimia, akajibu muzuri. Akakula viazi vya kuchoma, akavisifu, halafu njo tukasikia ila. Hakuna aliyemulaumu. Angeanza na kifo, tungesema huyu hakulelewa.

Ninaeleza hayo kwanza kwa sababu bila hayo hamutafahamu namna komite yetu ya usalama ilivyokaribia kutunyima usalama.

Majina ya wote niko nayo kichwani, na ya baba zao, na ya mbuzi wa wengine. Shule niliiacha mbele ya kufahamu kugawanya, kwa hiyo kichwa kilibaki na nafasi. Lakini hapa sitataja hata moja. Kilima chetu, kule juu ya Bihambwe, ni kidogo. Wote wananipita mulangoni wakienda kanisani, na mimi ningali napenda kusalimiwa.

Komite ilizaliwa mwaka ule tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, mbele ya kukimbia tena na kurudi tena. Watu wa mradi fulani walikuja na kofia na jile, vile vizibao vya rangi, wakatuketisha semineri chini ya hema, wakatufundisha kwamba polisi ni wa raia, na kwamba raia lazima waangalie namna polisi anavyofanya kazi, kisha waeleze mukubwa anayesimamia polisi kule Masisi. Tulipiga makofi. Wakasema tena kwamba kila komite lazima iwe na mwanamuke. Hapo tulinyamaza. Mimi nilikuwa nimekuja na kiti changu kutoka nyumbani, kwa sababu mugongo wangu haupendi kukaa chini; wageni wakaona mwanamuke ameketi kwenye kiti katikati ya wanaume, wakadhani nimekwisha kuchaguliwa. Njo vile niliingia katika utawala.

Kazi yangu ilikuwa kufungua kikao kwa sala na kuangalia kama chai imechemka. Prezidenti alikuwa muzee mupole aliyefundisha katekisimu miaka mingi, mwenye sauti nzuri ya mazishi. Sekretere alikuwa kijana aliyesomea Goma, na kofia ya mradi hakuivua hata mbele ya Ekaristi. Wengine wote walikuwa washauri. Nani anamushauri nani, sikupata kujua.

Mradi ulituachia pia filimbi moja ya chuma, nzuri, ya kupigwa wakati wa hatari. Kikao kizima tulijadili namna ya kuilinda. Mwishowe iliwekwa katika sanduku la prezidenti, sanduku likafungwa kwa kufuli, na ufunguo akapewa bibi yake, naye anaufunga kwenye ncha ya kikwembe anachovaa na kwenda nao shamba. Tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyethubutu kuiba filimbi.

Polisi wenyewe walikuwa wawili. Kituo chao kilikuwa kibanda cha mbao kwenye njia panda, pale njia ya mashamba inapokutana na njia ya maji. Sitawapamba. Mumoja alipenda kulala, mwenzake alipenda viazi vyetu. Lakini mbwa hata akilala, mwizi anapita mbali. Tangu waletwe, wanawake walikuwa wanarudi na madumu yao bila kukimbia, na wale watu wanaovuna bila kulima walikuwa wamehamia vilima vingine.

Aliyewahitaji kuliko wote alikuwa jirani yangu, mujane, muntu wa maneno machache. Shamba lake ndilo la mwisho, ng'ambo ya kijito, kule ambako ukipiga kelele ni kijito peke yake kinakujibu. Musimu uliotangulia, mbele ya polisi kuja, wezi hao walimuvunia maharagi yote bila kumuomba hata jembe. Akabaki na mbegu kidogo alizozificha katika chungu, akalala njaa pembeni ya chungu hicho bila kukigusa. Mbegu hizo alikuwa amezipanda. Sasa maganda yalikuwa yanaanza kugeuka manjano. Aliniambia wazi, tukiteka maji: haya yakienda, hana mbegu nyingine, ataliacha shamba la bwana yake na kurudi Mweso, kule kaka yake anaishi chini ya hema pamoja na watoto wote wa dunia. Na shamba lililoachwa kwetu halingoji mwenyewe.

Sasa nieleze namna tulivyokuwa tunasimamia.

Rezo ya simu haifiki penye tulikuwa tunakutana. Inapatikana juu ya mugongo wa kilima, kwenye kisiki cha mukalitusi, na lazima usimame juu ya kisiki chenyewe, uso ukielekea Masisi. Kwa hiyo kila kikao kilimalizika kwa safari ya komite nzima mupaka kisikini. Prezidenti anapanda, tunamushika miguu asianguke, anapiga simu kwa mukubwa atoe raporo, taarifa yetu.

Na prezidenti ni muntu aliyelelewa. Mukubwa anauliza: "Habari ya kule?" Anajibu: "Muzuri, mukubwa." Kisha anamuuliza habari ya afya, habari ya bibi, habari ya watoto, na kwa sababu aliwahi kusikia mukubwa ana ng'ombe, habari ya ng'ombe, mumoja mumoja. Mukubwa naye, muntu wa milima kama sisi, anajibu yote na kuuliza yote. Tunamusikia prezidenti anakohoa. Tunajua ila inakuja. Anasema, "Ila, mukubwa..." na simu inalia tii, unite za kupigia simu zimekwisha. Anashuka kutoka kisikini, anajipangusa, anasema: "Raporo imefika."

Na kweli ilikuwa imefika. Ilikuwa imefika nusu ya mbele.

Tulisimamia usalama namna hiyo musimu muzima. Tulikuwa na ila nyingi: polisi hawana buti za mvua, kibanda kinavuja, mumoja analala, mwenzake anakula. Ila zote zilibaki kwenye kisiki, na kule chini Masisi mukubwa alikuwa anakusanya muzuri peke yake. Hata mimi nilipopewa simu siku moja nimusalimie kwa niaba ya wamama, nilimuambia muzuri, na nikaona nimefanya kazi.

Basi siku moja mujumbe akapanda kutoka Masisi na habari njema. Mukubwa anatupongeza. Katika vilima vyote, chetu ndicho kilima ambacho hakijatoa lalamiko hata moja. Na kwa sababu sisi tuko muzuri, polisi wetu wawili watapelekwa pahali penye shida. Waondoke siku ya soko la Kibabi. Washauri walipiga makofi. Sekretere alirekebisha kofia. Prezidenti alisimama akashukuru kwa ile sauti yake, na kama kungekuwa na jeneza karibu tungelizika. Mimi mikono yangu ilipiga mara moja, kwa mazoea, halafu ikasimama yenyewe.

Jirani yangu alisikia akiwa njiani na dumu kichwani. Aliingia katika kikao bila kutua dumu.

"Mumesema tuko muzuri," alisema. "Mimi muliniuliza?"

Prezidenti alimutazama kwa huruma. "Tulikuuliza, Mama. Juzi pale kanisani nilikuambia, habari? Ukajibu muzuri."

Na ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa pembeni na nilimusikia. Maji yalimwagika kidogo kutoka dumuni, yakamupita shavuni, hakuyapangusa.

"Maharagi yangu yanataka juma moja tena," alisema, na akatoka.

Nitamusifu prezidenti: hakulala na jambo hilo. Tulipanda kisikini siku ileile, jua lingali juu. Alipiga simu. Alisalimia. Tulimuomba afupishe, na kweli alifupisha: ng'ombe aliwauliza wote kwa pamoja. Ila ilipofika midomoni, tii. Sekretere akaweka nusu ya unite zake mwenyewe, zile alizokuwa anatunzia muchumba. Prezidenti akaanza tena, na kwa kuwa ilikuwa simu mupya, salamu mupya. Tii. Mushauri mumoja akasema pengine sauti ya mama italainisha mambo, na kwamba unite za muchumba zilizobaki zinatosha maneno machache tu. Nikapandishwa kwenye kisiki kama mbuzi anayepakiwa katika lori, wanaume wawili wakinishika kila mumoja muguu wake, na nikaomba Mungu mume wangu asione kutoka huko aliko.

Nilikuwa nimekusudia kusalimia. Muntu asifikiri kwamba mimi ni mushujaa. Lakini upepo ulikuwa mukali, kisiki kinatikisika, na kule chini niliona lile shamba ng'ambo ya kijito, manjano kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye majani. Mukubwa aliuliza, "Habari ya kule?"

Nikajibu, "Mubaya."

Nikangojea tii, nikadhani unite zitakwisha kwa hasira.

"Nani amekufa?" aliuliza mukubwa.

"Bado," nilisema.

"Nani anazungumuza?"

"Ni mama wa komite. Muache polisi hapa mupaka maharagi yavunwe."

"Nipe prezidenti."

Nikainamisha simu mupaka kwa prezidenti. Mukubwa akamuuliza kuna nini huko, na yule muzee, ambaye alikuwa amepandisha komite nzima kilimani kwa ajili ya kusema kuna nini, akafungua kinywa na kujibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Muzuri, mukubwa."

Tii.

Tulishuka. Chini, sekretere akaniambia kwa sauti ya Goma, kule wanakoita mwanamuke muzee koko, "Koko, umeharibu raporo." Washauri wakashauriana. Waliona ni lazima niombe radhi, kwa sababu kumujibu mukubwa mubaya ni kama kumulaani. Usiku wakakubaliana kuniondolea kazi ya sala na kuniachia chai.

Lakini mukubwa alikuwa amebaki na neno ambalo hakuwahi kujibiwa tangu azaliwe, na lingine la kulipinga, yote kutoka kilima kimoja na simu moja. Inaonekana hayakumukaa pamoja tumboni. Siku ya soko, badala ya gari la kuchukua polisi, alikuja yeye mwenyewe kwa pikipiki, matope mupaka kwenye mabega. Komite ilikuwa imejipanga na kofia. Polisi wawili walikuwa macho, wote wawili. Akauliza, "Habari ya hapa?" Tukajibu kwa sauti moja, na mimi nikiwemo: "Muzuri."

Alitupita mustari muzima akitafuta sauti ya mwanamuke. Nikatazama chini. Kisha akamuona jirani yangu, aliyesimama kando na jembe, akamusalimia.

"Muzuri," alijibu jirani yangu. Akakohoa. "Ila..."

Mukubwa akainua mukono. "Hapo, Mama. Nimepanda kilima hiki chote kwa sababu ya hiyo ila. Anzia hapo."

Akaanzia hapo. Hakulia, hakuongeza. Alimuonyesha shamba kwa kidole, akamueleza chungu cha mbegu, na wale waliomuvunia musimu uliopita, na Mweso. Mukubwa akamugeukia prezidenti, akauliza kwa nini haya hakuambiwa. Prezidenti alijibu kwa unyenyekevu kwamba alikuwa anakaribia.

Polisi hawakuhama. Yule wa kulala aliambiwa alalie ng'ambo ya kijito, karibu na maharagi, na alilala huko kwa bidii. Komite nayo ilifanya kikao na kupitisha sheria mupya, ambayo sekretere aliitolea jina la Kifaransa refu kuliko komite: kuanzia sasa, raporo zote zianze na ila. Kikao kilichofuata tuliongea ila kuanzia asubuhi, chai ikachemka ikakauka, na hakuna aliyepata nafasi ya kumusalimia mwenzake. Watu walienda nyumbani wamenuniana. Sheria ikafutwa. Filimbi ingali katika sanduku, salama.

Nilivuka kijito juma lililofuata. Jirani yangu alikuwa ametandaza mukeka mbele ya shamba na anapiga maharagi kwa fimbo, maganda yanaruka mupaka kwenye nywele zake. Nikasimama, mukono mugongoni.

"Mama, habari ya maharagi?" nilimuuliza.

"Muzuri," alisema.

Nikangojea ila. Alipiga fimbo, akapiga tena, akakusanya maharagi kwa viganja, akayapepeta kwa pumzi yake. Nikangojea mupaka nikachoka kusimama. Halafu nikaketi kwenye ukingo wa mukeka na kuanza kuchambua.