Theodosia na Sigara ya Steringi

Theodosia wa hapa Mugoma ana banda la video: bati juu, matofali ya udongo pembeni, mabenchi tisa. Mimi nauza samaki wa kukaanga mkabala naye, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe, sikuletewa na mtu.

Alizaliwa Keza, akamaliza darasa la saba kama mimi. Mumewe akampeleka Biharamulo kulima tumbaku na Wasukuma. Miaka kumi na mmoja alichochea moto kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia majani, mpaka mume akafa kwa kifua. Akarudi na televisheni, sola, na kiuno ambacho moshi wote ule haukukigusa.

Filamu zake ni za Kichina. Kichina hakijui, lakini anasimama kando ya televisheni na kutafsiri. Sauti nzuri anayo, sikatai. Tatizo ni kwamba mume wangu Desderius naye aliisikia.

Zamani steringi, yule shujaa wa filamu, akiwasha sigara, wanaume wote wanawasha. Kibiriti kimoja kinapita benchi kwa benchi, na Desderius wangu yuko mbele kabisa, anatoa moshi puani kama steringi. Akirudi nyumbani anakohoa mpaka kuku wanahama. Miaka kumi na tisa nilimwambia aache. Alinijibu hivi: "Mama Yuster, hayo nimeshayasikia. Geuza samaki."

Nikapanda bodaboda mpaka Ngara mjini, nikamwambia bwana afya kuna banda Mugoma watu wanavuta sigara ndani, na sheria inakataza. Nilitaka alifunge. Alikuja, akabandika karatasi ya kukataza kuvuta, akamwonya Theodosia, akaenda zake. Banda likabaki wazi.

Basi Theodosia akabadili tafsiri. Nilisogea mlangoni na beseni langu nikamsikia. Steringi anawasha, yeye anasema, "Hapa anasema, ndugu zangu, kifua kinanibana, hii sigara itaniua kabla ya adui."

"Steringi hafi," mmoja akabisha.

"Huyu anakufa sehemu ya pili."

"Sehemu ya pili inakuja lini?"

"Acha kuvuta, utaishi uione."

Wakacheka. Desderius hakucheka. Siku hiyohiyo alitupa pakiti yake chooni. "Hata Wachina wenyewe wamekiri, Mama Yuster," akaniambia, kana kwamba mimi sijawahi kusema neno.

Lakini mimi nilikuwa nimetazama. Midomo ya steringi ilikuwa imebana sigara, hasemi kitu. Maneno yote yalikuwa ya Theodosia. Ningemwambia mume wangu, "Amekudanganya," angeacha kumwamini mwanamke yule, na angerudia sigara siku hiyohiyo. Wiki tatu neno lile lilinikaa ulimini. Kila alipooga na kupaka mafuta kwenda bandani, lilitaka kutoka. Kisha alfajiri moja nikagundua kuku wamerudi kulala ndani. Nikalimeza.

Jumapili akakata mkungu wa ndizi, ule mkubwa. "Mpelekee Theodosia. Mwambie ameniokoa."

Alipogeuka nikabadilisha, nikajitwika mdogo.

Theodosia aliupokea kwa mikono miwili. "Asante, Mama Yuster. Unajua, hata yule aliyenishtaki kwa bwana afya nimemsamehe. Pale bani nilimwona mume wangu akiisha. Nilitamani kuwaambia hawa wateja wangu, nikaogopa watanikimbia. Karatasi ile ndiyo iliyonipa mdomo."

Alikuwa ananitazama usoni.

"Huyo mtu," nikasema, "huenda alikuwa na mume."

"Huenda."

"Hizi ndizi ni za kupika. Usizilaze."

Nikatoka. Mlangoni nikapishana na Desderius anawahi benchi la mbele, shati limepigwa pasi, pasi yangu. Nikasimama kidogo nisikilize kama atakohoa. Hakukohoa. Nikaenda kugeuza samaki.