Bandi ya Bure

"Bure?" Fundi cherehani alimkazia macho shemeji yake. "Nani huyo anayenipenda kiasi hicho?"

Laptopu yake ilikuwa kuukuu, inawaka kwa kujikongoja, na ndani yake mlikuwa na vipimo vya wateja wa miaka tisa. Shemeji, mwalimu wa hesabu, alikuwa amechagua mfumo wa Linux ulio mwepesi kuliko yote, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao mafundi wake huugawa bure, akaupakua na kuuweka kwenye sidii. Alimhakikishia kwamba ungefanya kazi humo humo kwenye sidii bila kugusa kitu ndani ya laptopu.

"Hata mwizi husema anapita tu."

Shemeji akainua gauni lenye nyuzi za muda. "Hii bandi unaipiga ya nini?"

"Mteja ajaribu kwanza. Isipomkaa, nafumua."

"Basi na hii sidii ni bandi."

Shemeji akaiingiza sidii, na laptopu ikawaka chapuchapu. Fundi hakutabasamu. Aliitoa sidii, akawasha upya, akakagua vipimo jina kwa jina. Vyote vilikuwepo.

Huu mwaka wa tatu, kila asubuhi anaiingiza sidii ile ile.

"Gauni gani linavaliwa miaka mitatu na bandi?" shemeji yake akamtania.

"La fundi nisiyemjua, aliyenishonea bure."