Senge, Firigisi na Umio Wangu

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mpaka leo sijaielewa yote. Nilikuwa kijana wa baiskeli, nikibeba watu kuvuka mpaka hapa Busia, miguu migumu na kichwa kigumu zaidi. Jumapili hiyo nilikwenda Busibwabo kwa senge, dada mkubwa wa baba yangu. Alinichinjia kuku, akaniwekea firigisi, ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Nikajiona mtu mkubwa. Nikaimeza karibu nzima.

Ikakwama. Si kooni, ni hapa katikati ya kifua. Maji niliyokunywa kuisukuma yakarudi. Nilipoinua uso, machozi yakinitoka, nikamwona senge amenikodolea macho.

Basi nikawa na jibu. Kwetu wapo watu wanaoogopwa, wanaosemekana kwamba wakikutazama ukila, chakula kinakataa kushuka. Nilisahau kwamba kwa miezi mingi ugali ulikuwa ukinikwama, na kwamba nikilala chakula kilinirudia mdomoni. Labda sikusahau. Labda niliogopa tu, sijui.

Nikavuka upande wa Uganda kwa mama mmoja aliyesugua watu kifua na kuwatolea vilivyokwama. Alinisugua, akanionyesha kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa, eti amekitoa kifuani mwangu. Ng'ombe! Mimi nilikula kuku. Nilichanganyikiwa, lakini kwa siku mbili uji ulishuka, nikaamini. Siku ya tatu ukarudi. Nikazidi kuamini, mwanangu, ona ujinga huo: nilisema senge ameongeza nguvu. Nikamtangaza kuwa ni mmoja wa wale wanaoogopwa. Kwenye matanga ya jirani wanawake wakamtoa jikoni, hata sufuria hakuruhusiwa kuosha.

Nilipokonda mpaka abiria wakaanza kunikwepa, senge alikuja kwangu kwa miguu. Hakupiga kelele.

"Wewe, nilikuangalia juu ya vile ulikuwa unakula ukishika kifua. Nikaogopa. Kama ni hii macho yangu imekumaliza, basi twende nayo hospitali, daktari aitoe."

Hospitalini wakaninywesha kitu cheupe kizito na kupiga picha nikimeza. Daktari akauliza nilidhani ni nini. Nikainamisha kichwa, maana senge alikuwa ameketi pale pale.

"Hii njia ya chakula inaitwa umio," daktari akasema. "Huku chini iko na mlango wa misuli. Yako imekataa kufunguka. Tutaipanua, lakini itabidi ukuwe ukirudi."

"Na nani ameifunga?"

"Hakuna mtu. Lakini kwa nini imefunga, mara nyingi hata sisi hatujui."

Walinipanua, nikala tena. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikikanusha, lakini maneno niliyoyaeneza kwa wiki moja sikuwahi kuyamaliza. Senge alinisamehe. Ila tangu hapo, kila alipomwandalia mtu chakula, aliketi amegeukia ukuta mpaka mtu amalize. Nilikula nikitazama mgongo wake, nikiona aibu kila tonge. Nilimwomba ageuke, akakataa. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nisikilize. Chakula kikikukwama kifuani zaidi ya mara moja, kikirudi unapolala, au ukikonda bila kujua sababu, nenda hospitali mapema. Unaweza kuwa ugonjwa mdogo, unaweza kuwa mbaya kabisa, na wewe huwezi kuupambanua kwa kubahatisha. Kula polepole, tafuna sana, keti wima, usilale ukiwa umeshiba, na chai iache ipoe kidogo. Ukiambiwa urudi kliniki, rudi hata kama umepata nafuu. Mimi bado narudi. Na usipoelewa kinachokusumbua, sema hujaelewa, ukae hivyo hivyo ukitafuta. Usitafute mtu wa kumbebesha lawama.

Mungu akujalie chakula kishuke salama, mwanangu, na akupe wazee watakaokutazama ukila hadi ushibe.