Ayodini Niliyoikamulia Ndimu

Mwanangu, mimi hakuna cha kunishangaza. Niliingia Nachingwea na kaptula moja, wakati matrekta ya ule mradi wa karanga wa Waingereza yanang'oa msitu. Darasa la pili sikumaliza, na leo malori mawili yanabeba korosho za Nkowe kwa jina langu. Wasomi wananiamkia mimi. Lakini ipo siku moja naikumbuka, niliyoshangaa, na mpaka leo sijaacha.

Nilikuwa kijana, nachuuza kwa baiskeli mpaka Ruangwa: chumvi, sindano, na ayodini, ile dawa ya vidonda yenye rangi ya kahawia. Msimu wa jando nikampelekea ngariba wetu kule Mbwemkuru. Akaitazama, akanirudishia.

"Hii inapaka rangi. Nitajuaje kidonda kinavuja damu au kinapona? Kauze kwa wapaka milango, wewe!"

Watu wakacheka. Na mimi, mwanangu, kuchekwa siwezi. Sasa, ayodini ilikuwa imewahi kunimwagikia kwenye kanzu, nikasugua ndimu, doa likatoweka. Basi nikakamua ndimu ndani ya chupa. Rangi ikafa nikiiona, dawa ikawa nyeupe kama maji ya kisima. Nikajiona nimewapita madaktari. Nikamrudia ngariba: "Mzee, hii imesafishwa." Alipoipaka, wavulana wakajing'ata midomo, machozi yakawatoka.

"Inauma," alisema, ameridhika. "Sasa hii ndiyo dawa."

Miongoni mwao alikuwamo Selemani, mtoto wa dada yangu Zainabu. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ni mimi niliyempeleka jandoni. Kidonda chake kikavimba, kikanuka, homa ikampanda. Nikazidisha dawa yangu. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini masikio ya kufa yalikuwa yangu. Nilipomfunga kwenye baiskeli kumpeleka hospitali Nachingwea, tulikuwa tumechelewa. Alifika hai, hakuiona jioni.

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyempokea akaniuliza nilimpaka nini. Nikampa chupa, nikamweleza habari ya ndimu. Akamega ugali wa muhogo wa chakula chake, akaudondoshea ayodini yake. Ugali ukawa mweusi tii. Akamega tonge jingine, akadondosha ya kwangu. Ukabaki mweupe.

"Ayodini ina njaa, bwana. Njaa hiyo ndiyo inayoua vijidudu, na rangi ile ndiyo alama kwamba bado ina njaa. Ndani ya ndimu mna vitamini C. Hiyo inailisha ayodini mpaka inashiba, inalala. Mtoto umempaka dawa iliyoshiba."

"Lakini iliuma!"

"Iliyouma ni ndimu."

Tulimzika kimya. Mila yetu wakati ule, mama haambiwi msiba wa jandoni mpaka siku ya kutoka. Kwa hiyo Zainabu aliendelea kupika, akileta bakuli hadi kwenye mpaka wa jando ambao wanawake hawauvuki, na mimi nikilipokea.

"Kaka, mwanangu anakula vizuri?"

"Anakula, dada."

Chakula kile nilikimwaga porini. Siku wavulana walipotoka na nguo mpya, vigelegele vikapigwa, Zainabu akawa anapita uso hadi uso akimtafuta mwanawe. Nikaliweka bakuli lake mbele ya miguu yake, limefunikwa kifudifudi, kama mila inavyotaka mama aambiwe msiba. Hakulia. Alisema tu, "Uliniambia anakula." Tangu siku hiyo hajaniita kaka.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea. Kitu usichokijua usikitengeneze kikupendeze macho. Ukikiona kikali, au kinachafua, uliza kwanza ukali ule una kazi gani. Maumivu nayo yasikudanganye. Si kila kinachouma kinaponya. Na ukichekwa, vumilia. Kicheko hakijamzika mtu.

Mungu akupe mkono unaoponya na ulimi usioona haya kuuliza, na akuepushe kupokea chakula cha marehemu. Mimi siku ya kumzika Selemani, kwa fedha ya dawa ile ile, nilinunua sanda na ubani: shilingi kumi na moja na senti arobaini.