Uzio wa Holo Mtoni

Yunis alimwambia mama yake wakati wanakamua, kila mmoja akiwa chini ya ng'ombe wake, ili wasitazamane usoni. Kanisa limepanga ubatizo. Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, mto Ruvu, pale wanaponyweshea ng'ombe kiangazi. Majina yao wote wawili yameandikwa.

Holo, mama yake, aliendelea kukamua. Maziwa yalilia kidogo kwenye ndoo, kisha yakanyamaza, kwa maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Pale ndipo mamba alipomchukua Limbu, mumewe, miaka miwili iliyopita, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka na ng'ombe sitini wakitazama.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kuogopa. Alizaliwa njiani, kwa watu waliotoka kanda ya ziwa wakifuata majani, wakapita Usangu, wakapita Kilosa, mpaka wakajikuta Magindu kwa wenyeji wanaolima mihogo na kuongea polepole. Alishamfukuza fisi kwa mwiko wa ugali. Lakini tangu siku ile alinawa uso kwa kiganja kimoja, jicho moja likiwa wazi, hata maji yakiwa ya beseni. Kiangazi aliajiri watu wa kupeleka mifugo mtoni, akabaki nyumbani akihesabu muda mpaka asikie kengele za ng'ombe zikirudi.

Walizika vilivyobaki: kiatu kimoja cha katambuga na fimbo. Waombolezaji walimwambia Mungu ana kusudi lake, wakala, wakaondoka. Mchungaji Peter, wa kanisa dogo la mabati pale karibu, alikaa siku tatu bila kuitamka kauli hiyo, akisaidia kuchota maji na kupasua kuni. Holo alimfuata kanisani kwa sababu ya kunyamaza kule. Baadaye alimuuliza kama yeye anaamini kusudi hilo lipo. Mchungaji alisema anaamini, ila halijui, na kwamba asingethubutu kumdanganya mjane.

Kwa hiyo aliamini. Ila mto ulikuwa jambo jingine.

Alikwenda kwa mchungaji kumwomba wabatizwe kwingine. Kanisa lao ni la kuzamisha mwili mzima, na kiangazi kile maji ya kina kwingine yalikuwa hayapo. Lambo lilikuwa limebaki tope lenye alama za kwato. Hussen, fundi wa pampu, alitania kwamba wangetumia josho la ng'ombe, watoke hawana dhambi wala kupe. Mchungaji alikuwa radhi kungoja masika. Aliyekataa ni mzee wa kanisa Gregori, aliyesema Danieli hakuomba simba wafungwe kamba kwanza. Na aliyekataa zaidi alikuwa Yunis mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alikuwa anahamia Misugusugu kujifunza ushonaji, na hakutaka kubatizwa ugenini.

"Baba alikuwa akiniogesha pale nikiwa mdogo," alimwambia mama yake. "Sitaki mto ule ubaki wa mamba, mayu."

Holo angeweza kukataa. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita, na mama ni mama. Neno la kukataa lilimfika kinywani mara tatu usiku na mchana, akalimeza mara tatu. Mwisho alichukua panga, akaenda mtoni peke yake.

Alipofika alikaa chini kwanza, hatua hamsini kutoka ukingoni. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, hayaoneshi kitu. Utulivu ule ndio uliomtisha. Alikata miiba ya mgunga, akaiburuta, akaipanga ukingoni nusu duara, juu kuliko kichwa chake, kama boma la ng'ombe. Kila alipotupa mzigo majini alirudi nyuma mbio, kisha akaona aibu, kisha akatupa mwingine.

Mzee Matano, mwenyeji mwenye bustani ya mchicha kando ya mto, alimtazama muda mrefu huku ameegemea jembe.

"Shikamoo, Mzee Matano."

"Marahaba, Mama Yunis. Hapo mnabatizana au mnamlisha mamba?"

Holo hakucheka. Mzee alipoona hacheki, aliacha jembe akasogea. Akamwonesha kwa kidole: miiba ilikuwa inaelea, na chini yake maji yanapita yatakavyo.

"Umejenga boma la fisi," alisema kwa sauti ya chini. "Fisi anaruka. Huyu anapita chini."

Holo alikaa kwenye mchanga, akalia. Maisha yake yote alikuwa amejua kuzuia kifo kinachotokea upande mmoja tu, nchi kavu.

Mzee alimpeleka kwenye kizimba chake cha kuchotea maji: nguzo zimesimama bega kwa bega, zimepigwa chini mpaka kwenye udongo mgumu, hata mkono haupenyi katikati. Miaka kumi na tisa alichota pale. Alisema dini yao haijui na wasimwingize, ila nyundo anayo, na nguzo zipo porini. Lakini mtu mmoja peke yake hawezi kuzipiga. Lazima mwingine asimame majini azishike.

Holo alielewa ni nani huyo mwingine.

Ilichukua siku tano kuzungushia nguzo mahali pa ubatizo. Aliingia maji ya kifundo, ya goti, ya kiuno, amekumbatia kila nguzo huku Mzee Matano akiipiga kutoka kwenye mtumbwi uliofungwa. Kila kilichogusa mguu wake kilikuwa mamba: jani, mzizi, samaki. Aliomba bila kupumzika, wala si maombi mazuri. Siku ya tatu Mzee Gregori alikuja, akaona nguzo, akasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu kwa kukosa imani. Holo hakuiachia nguzo aliyoishika.

"Limbu aliomba asubuhi ile," alimwambia. "Nilimsikia. Imani alikuwa nayo."

Mzee Gregori aliinama ukingoni. Kisha akavua viatu, akashika nguzo iliyofuata.

Jumapili ilifika, kanisa likaimba ukingoni, na Mzee Matano alikaa bustanini kwake amegeuza mgongo, lakini jembe halikuwa linalima. Walibatizwa tisa kabla ya Yunis. Holo alizihesabu nguzo, arobaini na moja, akazihesabu tena. Ng'ambo, kitu alichodhani gogo kiliteleza kutoka kwenye matope, kikaingia majini bila kishindo.

Wengine walikiona. Wimbo ulipungua sauti. Yunis alikuwa tayari kwenye maji ya kiuno, mkono wa mchungaji mgongoni mwake, naye mchungaji alimtazama Holo, si mto. Alikuwa anamuuliza.

Holo aliingia. Hakuitwa, zamu yake ilikuwa bado. Alipita kando ya binti yake mpaka mwisho wa uzio, akaweka mgongo kwenye nguzo, akahisi maji yakizisukuma na nguzo zikikataa kusogea. Akamtikisia mchungaji kichwa. Yunis alizama, akaibuka, akicheka huku akikohoa.

Kitu kiligonga nguzo nyuma yake. Mara moja, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha basi.

"Wewe sasa," mchungaji alisema. "Jina?"

Yeye na Yunis walikuwa wamelichagua pamoja mwezi mzima, jina la Biblia, na lilikuwa limemtoka lote kichwani.

"Holo," alisema.

"Basi Holo."

Ilibidi aziachie nguzo, na ilibidi afumbe macho, yote mawili, mara ya kwanza ndani ya maji kwa miaka miwili. Aliachia kidole kimoja kimoja. Kule chini palikuwa na giza na ukimya mkubwa, na hapakuwa na jibu lolote kuhusu Limbu. Palikuwa na mkono chini ya shingo yake, haujaondoka.

Alipotoka aligeuka kuzitazama nguzo. Mzee Matano alikuwa amesimama kwenye uzio ule, nyundo mkononi, akikagua nguzo iliyogongwa.

"Imelegea kidogo," alisema. "Kesho uje uishike."

Holo alikamua maji kwenye kitenge chake, akasema atakuja.