Matanga ya Mgeni wa Meli

Bwana yangu aliendesha panzi. Ndivyo watu wa Kalemie walivyoviita vile vigari viwili vya Mgiriki wa hoteli. Havikuwa na paa wala milango, magurudumu ya nyuma yalikuwa mapana kupita kiasi, na vikipita kwenye mchanga vilikuwa vinaruka. Mgiriki alikuwa amekata Volkswagen mbili kuukuu, akabakiza injini, viti na vyuma vya kushikilia. Ilikuwa wakati wa Zaire, na meli kutoka Bujumbura na Kigoma ilikuwa bado inaleta Wazungu wa kutembea tu, watu waliozunguka ziwa kwa kupenda kwao. Meli ilifika asubuhi na kuondoka jioni. Kati ya hapo wageni hawakuwa na la kufanya mjini, ndipo Mgiriki akapata wazo la kuwapandisha milimani.

Mimi nilikaa katika kigari cha pili. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wageni mambo ya kwetu, kwa Kifaransa nilichofundishwa na masere, wale watawa wa misheni. Siku zile wanawake tulikatazwa kuvaa suruali, kwa hiyo nilipanda na kikwembe changu nikikibana kwa magoti upepo usikifunue. Wageni walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, maana hiyo pia ilikuwa kazi.

Tulivuka daraja la Lukuga, tukafuata mchanga kando ya ziwa hadi mahali ambapo akina mama huanika ndagala, vile visamaki vya ziwa, kisha tukapanda mlima kwa njia ya wachoma makaa. Njia hiyo ilikuwa ya mawe na mashimo, na ndiyo wageni walikuwa wanaitaka. Walipiga kelele kama watoto. Wengine walimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Juu kabisa tuliwaonyesha ziwa, wakapiga picha, tukarudi.

Siku ninayotaka kuisema, meli ilileta wageni wachache. Kati yao kulikuwa na mume na mke, wote wazee. Mume alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya majani na furaha nyingi. Mke alivaa gauni la rangi ya majivu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mke hakutaka kupanda.

“Maisha yangu yote nimekaa ofisini, kwenye kiti cha biro,” mume alimwambia. “Acha leo nikae hapa.” Akaingia kiti cha mbele, karibu na bwana yangu, na kufunga kofia kwa kamba chini ya kidevu.

Mke akaja kwangu, kigari cha pili, ambacho kiliendeshwa polepole kwa ajili ya waoga. Tulipofika darajani aliniuliza, “Dereva yule wa mbele ni mtu mwangalifu?”

“Ni bwana yangu,” nilisema.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Basi na yule mwingine ni wangu.”

Mlimani kigari cha mbele kilituacha. Tuliona vumbi lake, tukasikia injini ikilia juu yetu, halafu hatukusikia kitu. Tulipozunguka kona tulikikuta kimesimama katikati ya njia. Bwana yangu alikuwa chini, ameshika kichwa. Mzee alikuwa bado kwenye kiti, uso umeelekea mbinguni, kofia inaning'inia mgongoni. Mke alishuka kabla hatujasimama. Alienda moja kwa moja, akamfungua mumewe vifungo vya shati, akaweka sikio kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainua kichwa. Alitoa ile kofia na kumfunika nayo uso, kwa sababu ya jua.

Tulimshusha mjini polepole, mke ameketi nyuma akimshikilia mabega asianguke. Akina mama wa ndagala walipotuona walisimama, wakaweka mikono kichwani. Hospitalini daktari alimtazama tu, akatikisa kichwa.

Nahodha wa meli alisema habebi maiti. Mama akitaka, apande peke yake. Asipotaka, meli itarudi baada ya majuma mawili. Mke alinisikiliza nikimweleza, akauliza mizigo yao iko wapi. Wakaishusha. Meli ikapiga honi, ikageuka, na yeye akabaki amesimama gatini na masanduku mawili, moja la mtu asiyelihitaji tena.

Mgiriki aliposikia habari alijifungia hotelini. Aliogopa wakubwa kuliko alivyomwogopa Mungu. Bwana yangu akaniambia, “Tumupeleke kwetu. Muntu hawezi kufiwa hotelini.”

Nyumbani tuliishi na mama mkwe wangu, mjane aliyetoka Kirungu baada ya mumewe kufa. Hakujua Kifaransa hata neno moja. Alipoelezwa kilichotokea alitoa viti vyote sebuleni, akatandika mikeka, akamshika yule mama mkono na kumketisha chini karibu naye.

“Mufiwa hakae ku kiti,” alisema. “Mwambie. Kwetu desturi njo hivi.”

Nilimwambia. Aliketi. Akavua viatu vyake, akavipanga vizuri ukutani, akanyoosha miguu kama sisi.

Tulimzika kesho yake, maana joto halikuturuhusu kungoja. Padri alikuja, akina mama wa jumuiya waliimba, majirani wakaja kulala matanga kama kwa mtu yeyote wa mtaa. Walileta kuni, unga, samaki. Mama mkwe alimpikia mgeni uji mwembamba na kumpa kwa kijiko, akimwita “binti yangu” ingawa huenda walilingana miaka. Lakini mgeni hakulia. Wanawake waliingia wakilia kwa sauti, wakakaa, wakamtazama, naye aliwatazama kwa macho makavu, akiwashukuru mmoja mmoja kwa kichwa.

Hilo likazaa maneno. “Muke gani asiyemulilia bwana yake?” nilisikia kisimani. Wengine walisema moyo wa Kizungu ni hivyo. Wengine walisema pengine yeye njo alimumaliza. Na maneno, yakishaanza kutembea, hayachagui nyumba. Siku chache baadaye yaligeuka: sasa ni dereva aliyemtupa mzee chini kwa makusudi, ili amuibie.

Wakaja kumchukua bwana yangu, watu wawili ambao sikupata kujua walitumwa na nani. Mama mkwe alipiga magoti uani. Mgeni alitoka sebuleni kuona kuna nini. Nilipomweleza, alivaa viatu vyake, akachukua mkoba, akasema, “Twende.”

Mkubwa aliyetupokea ofisini alikuwa na abakosti, lile koti la wakubwa wa Zaire, iliyopigwa pasi vizuri. Hakutuambia tukae.

“Sitwayene,” aliniambia, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoamuru tuitane, “muulize huyu mama kama dereva alikimbiza gari.”

Nilitafsiri. Mgeni alijibu akimtazama yeye, wala si mimi, nami nikageuza maneno yake: “Bwana yangu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Yeye alijua, na mimi nilijua. Dereva hakujua. Sina shauri naye. Mwacheni arudi kwa mama yake.”

Mkubwa aligonga-gonga meza kwa kidole. Hakuwa amengoja jibu la namna hiyo. Mwishowe alimwita mtu, na bwana yangu akatolewa, bila mkanda, jicho moja limevimba. Tulirudi kwa miguu sisi watatu. Mgeni alitembea katikati yetu.

Jioni hiyo mama mkwe alipika bukari, ndio ugali wetu, na kuhe, samaki mzima, kama kwa sikukuu. Bwana yangu hakula. Alikuwa akitazama mikono yake. Halafu akaniambia, “Nataka umutafsirie huyu mama.”

“Unataka kumshukuru?”

“Sikiliza kwanza.” Akavuta pumzi. “Pale tulipoanza kupanda, muzee alinishika bega. Alinibana sana. Alikuwa anatoa sauti. Na makelele ya injini, nilizani anacheka. Wote wanachekaka pale. Wakikushika bega, wanataka uongeze moto. Mimi nikaongeza.”

Mama mkwe aliweka sahani chini. “Nyamaza, mwanangu.” Kisha akanigeukia: “Na wewe, usifungue kinywa.”

Mgeni alikuwa ametambua kwamba tunamsema mumewe. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kipande cha bukari mkononi.

“Sema,” bwana yangu aliniambia. “Leo ameniteteya bila kujua. Siwezi kulala mu nyumba moja naye hivi.”

Nilisema. Nilisema yote, kwa Kifaransa cha shule, neno juu ya neno, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuyasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudie sehemu ya bega, nikarudia.

“Alimshika mpaka wapi?” aliuliza.

Bwana yangu alijibu, “Mpaka karibu ya kona. Kisha mukono ulianguka.”

Mgeni alirudisha bukari kwenye sahani. Alinawa mikono polepole, akaifuta, akaenda kuketi nje kwenye ngazi, mgongo umetuelekea. Mama mkwe alimfuata na shali, akamfunika, akaketi kando yake. Hawakuwa na lugha ya kusemeana. Asubuhi mgeni aliniomba nimpeleke kwa masere. Alitushukuru kwa heshima. Mkono alinipa mimi, na mama mkwe akamkumbatia. Bwana yangu alikuwa amesimama mlangoni na masanduku yake tayari mikononi. Akamwachia ayabebe, lakini hakumtazama.

Siku zile nyumba yetu ilikuwa nzito. Mama mkwe hakumsamehe mwanawe haraka.

“Muzigo ulikuwa wako,” alimwambia. “Ungeubeba. Sasa umemupa mujane aende nao kwao. Kila akilala atasikia bwana yake anaita, na gari inakimbia.”

“Mama, alikuwa anisemee kwa uongo?”

“Haikuwa uongo. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa. Haukusikia?”

“Nilisikia. Lakini mukono ulikuwa ku bega yangu mimi.”

Wote wawili waliniangalia, kila mmoja akitaka niwe upande wake. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji. Mpaka leo, nikiwafikiria, kila ninapompa mmoja haki namwona mwingine analalamika.

Meli iliporudi tulienda gatini wote watatu. Masere walimleta mgeni, amevaa lile gauni la majivu. Alipomwona mama mkwe aliacha mkoba uanguke, akamwendea, akaweka uso shingoni mwake, akalia. Alilia kwa sauti, kama sisi tunavyolia, mpaka wapagazi wakaweka magunia chini na wauza samaki wakanyamaza. “Sasa analia,” mwanamke mmoja alisema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetulizwa. Mama mkwe alimpigapiga mgongoni na kumwambia mambo kwa Kitabwa, lugha ya nyumbani kwao, ambayo hata mimi sikuifahamu vema.

Kisha mgeni akajifuta, akaokota mkoba. Bwana yangu alikuwa amesimama mbali kidogo, kando ya ukuta wa forodha, kofia mkononi. Kabla ya kupanda, mgeni aligeuka akamtazama. Alimtazama muda, bila hasira niliyoweza kuiona, na bila huruma niliyoweza kuiona. Akapanda. Hatukupata habari zake tena.

Bwana yangu hakurudi kwenye panzi. Mgiriki alipata dereva mwingine, lakini wageni walipungua, mafuta yakawa ya shida, na mwishowe meli ikaacha kuwaleta. Vigari vilikaa nyuma ya hoteli vikiliwa na kutu. Injini moja, nilisikia, ilinunuliwa na mtu wa Nyunzu, ikawa inasaga mahindi. Bwana yangu alibeba magunia bandarini, kazi ya vijana, na mwili wake haukuiweza. Alikuwa mtu wa kusema na kucheka. Akawa mtu wa kujibu tu. Rafiki akimgusa bega kwa nyuma, alishtuka mwili mzima, kisha akaomba radhi.

Kila mwezi wa Novemba, siku ya wafu, mama mkwe alichukua jembe akaenda kulima majani kwenye kaburi la yule mzee kabla hajaenda kusali. Hakupenda tumsindikize. Alipofariki tulimrudisha Kirungu, na baada ya hapo majani yaliota. Nilienda mara moja moja. Mvua zilikuwa zimelainisha udongo upande ule, msalaba ukalala, halafu mtu akauchukua. Mbao zilikuwa za mninga. Simlaumu aliyeuchukua, mwaka ule watu walikuwa wakipikia hata milango.

Bwana yangu aliugua miaka ya mwisho, kabla nchi haijabadilishwa jina. Aliishi kitandani majuma mengi akiangalia bati, akijibu tu alipoulizwa. Asubuhi moja, nikimwosha, aliuliza ghafla, “Siku ile ulimutafsiria yote?”

Nilijua siku gani. “Yote.”

“Na ile ya kuongeza moto?”

“Na hiyo.”

Akanigeukia. “Kwa Kifaransa inasemwaje?”

Nikamwambia. Alijaribu kuisema yeye mwenyewe, midomo imekauka, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri zaidi. Kisha akafumba macho, nikaendelea kumwosha miguu.

Nilipotoka kumwaga maji, jirani aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua anaendeleaje leo. Nikasema, “Leo ameongea.”